Daftari la Harufu

Alikuja kabla jua halijashika mabati,
Riziki Mwachiti, msichana wa chuo,
beseni la plastiki kichwani kama anayekwenda kisimani,
na ndani yake mirija, futi ya fundi,
chupa kumi na mbili za maji makali tuliyokatazwa kugusa.

Hapa Mwakirunge tumezoea wageni wa taka.
Malori hutupita yakielekea jaani
na mwenye pua huifunga.
Yeye alitaka malisho. Alitaka ng'ombe wangu saba.
Alitaka kujua Kashata amekojoa wapi.

"Hapa," nikamwonyesha,
povu bado linachemka kwenye majani.
Akapiga magoti, akapafunika kwa beseni,
kingo akazizika udongoni kwa vidole
kama anayefunika mandazi yasiingie nzi,
kisha akaketi kuitazama saa.

Mume wangu Ngumbao alikuwa anakamua.
Alicheka hata maziwa yakamwagikia gotini,
akamsemea Kashata papo hapo:

   Kaja mtu na beseni, kafunika mavi yangu,
   akauliza ya ndani, ya tumbo na siri zangu!

Riziki naye alicheka.
Hakuacha kuandika.

Jua lilipopanda alinieleza, taratibu,
kama anayemhesabia mtu chenji.
Majani yana naitrojeni, ndiyo inayoupa mchicha rangi.
Ng'ombe hubakiza kidogo, kwenye maziwa, kwenye nyama;
iliyo nyingi huirudisha kwa mlango wa nyuma.
Na mkojo ndio wenye haraka. Mavi hujifunga ganda, hukawia,
lakini mkojo, saa chache za jua na upepo,
umeshageuka amonia, umeshapaa.
"Ile inayokuchoma macho zizini alfajiri," alisema,
"ndiyo mbolea yako. Inaondoka bila kuaga."

Na mimi siku zote nasema:
samadi ikinuka ina nguvu.
Kumbe ni nguvu yenyewe
inafunga virago.

Hapo nikaliona turubai.

Miaka tisa nikitandaza samadi juani
mpaka ipauke, mpaka iwe nyepesi, isinuke,
maana wateja wa Nyali hawataki gari linuke.
Nikashona midomo ya mifuko kwa uzi wa nailoni,
mia mbili hamsini mmoja,
mtoto anaubeba kwa mkono wa kushoto.
Nilijisifu kwa wepesi ule!
Nilikuwa nauza mfuko na jina lake.
Mama Shekue aliwahi kurudi, mawaridi yamegoma;
nikamwambia, ni maji yenu ya chumvi.

Hilo sikumwambia Riziki.
Nilimuuliza tu inakokwenda.
Akaonyesha juu, kisha kule bondeni, kwenye mikoko.
"Nyingine hurudi na mvua," akasema.
"Ila haikumbuki ilitoka kwa nani."

Usiku nilimsimulia Ngumbao.
Alinyamaza, yeye asiyenyamaza,
akachokonoa jino, akasema:
"Mali bila daftari hupotea bila habari."
Nikamwambia daftari sasa lipo,
la kurasa mia, jalada la bluu,
limeandikwa jina la Kashata na saa aliyokojoa.
Mali inapotea vilevile.
Habari ndizo tumezipata.

Turubai nimelikunja. Nimelitia chini ya kitanda.
Samadi nimeirundika kivulini, nikaifunika
kwa makuti na udongo, na mifuko imekuwa mizito,
na mteja wa kwanza ameikunjia uso.
Nitampoteza huyo. Labda wawili.

Lakini malishoni je?
Leo asubuhi Kashata kainua mkia,
mvuke ukapanda mweupe kwenye baridi ya umande,
na mimi nimesimama pembeni, mtu mzima,
nimeshaifungua leso kiunoni,
sijui hasa
nilitaka kufunika nini.